Gia ya kupandia Lushoto ndiyo ya kushukia

Kwa familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Arusha, Mombo ni mahali pa kunyoosha miguu, watoto kwenda chooni na kununua maji. Wanaoendelea hurudi barabara kuu. Wanaokwenda Lushoto hukunja kulia, na haichukui muda joto la bondeni linabaki nyuma.

Ni kilomita 33 hivi tu. Lakini Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto karibu mita 1,400, kwa hiyo gari linapanda kilomita nzima kwenda juu, kwenye lami nyembamba yenye mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Kona haziishi.

Kupanda kunataka subira tu. Kazi ipo siku ya kurudi. Bibi amekaa mbele, watoto watatu nyuma, na kwenye buti kuna viazi, kabichi na ndoo ya plamsi za kugawia majirani. Uzito wote huo unalisukuma gari chini, na dereva aliyezoea foleni za mjini anafanya anachokijua: anakanyaga breki. Anakanyaga tangu Lushoto, anakanyaga Soni, na kabla ya kuiona Mombo inaanza harufu ya kitu kinachoungua. Mara nyingi mtoto ndiye anayeuliza kwanza.

Breki hupunguza mwendo kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Joto likizidi, pedi zinapoteza mshiko. Oili ya breki nayo inaweza kuchemka na kutoa mvuke ndani ya mabomba, kisha dereva anakanyaga pedali inazama huku gari likizidi kukimbia.

Gari la gia za mkono lina jibu rahisi kwa hili. Dereva akiingiza namba mbili na kuachia mafuta, injini yenyewe inalishika gari, breki zinabaki kwa ajili ya kona. Madereva wa zamani husema shuka na gia uliyopandia. Ila iingizwe kabla mteremko haujaanza. Anayesubiri mpaka gari limeshika kasi anaweza kukuta gia inagoma kuingia, akabaki kwenye gia huru, kosa lilelile la wale wanaoshuka kwa gia huru eti wanabana mafuta.

Otomatiki nayo inaweza kushuka salama. Ina L, au 2, au alama ya kupunguzia gia. Tatizo ni kwamba wazazi wengi wamemiliki magari hayo miaka kadhaa bila kutoa mkono kwenye D. Gia za mkono hazimpi dereva nafasi ya kusahau.

Kuna faida nyingine inayojulikana asubuhi za Julai, Lushoto ikiwa na baridi na betri imechoka. Gari la gia za mkono husukumwa na wajomba wawili, dereva akaachia klachi ikiwa namba mbili, likawaka. Otomatiki itasubiri nyaya na gari la jirani.

Na matumbo ya watoto? Kichefuchefu huja pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni. Breki za kukanyaga na kuachia huongeza kuyumba, gia moja iliyotulia huupunguza, ingawa kona zitabaki kona. Simu ziwekwe kando, mtoto aangalie mbele kupitia kioo, naye abaki kiti cha nyuma amefungwa mkanda.

Ugumu wa gia za mkono upo, nao ni kuondoka mlimani nyuma ya lori lililosimama. Handibreki, klachi na mafuta vinataka kukubaliana kwa wakati mmoja. Hilo lifanyiwe mazoezi kwenye kilima kidogo cha nyumbani, bila watoto ndani.

Wakati wa kushuka, Soni ni pazuri kupumzika, maporomoko yanaonekana kando ya barabara. Watoto wakiyaangalia, dereva asogeze kiganja karibu na rimu ya mbele bila kuigusa. Akikuta joto kali linampiga, familia inunue mapeasi na ikae hapo nusu saa zaidi.