Mwalimu na Programu, Wapi na Wapi?

Hilo swali naulizwa karibu kila wiki. Wanaosoma kompyuta wananiuliza kwa utani, ila wanaosoma elimu kama mimi wananiuliza kwa huruma, kana kwamba nimepotea njia. Niko mwaka wa tatu, ualimu wa hisabati, UE iko mlangoni, halafu jioni naonekana nahangaika na maswali ambayo hakuna mhadhiri aliyeyatoa na hayana maksi.

Maswali yenyewe nayachukua Project Euler, tovuti iliyoanza mwaka 2001. Kazi yake ni moja: inakupa swali la hisabati, unaandika programu ndogo, unapata namba, unaijaza. Ukipatia unawekewa tiki. Ukikosa unaambiwa umekosa, basi, haikuelezi wapi. Kuna nyingine kama Codewars, ambako unapanda madaraja kama mikanda ya karate, na ukimaliza swali unaonyeshwa wenzako walivyolitatua. Naipenda, ila lazima uwe hewani muda wote na bando linaisha. Euler ni maandishi matupu. Nafungua mara moja, nanakili maswali matano kwenye daftari, nazima data. Python ikishakuwa ndani ya mashine haihitaji intaneti, na asiye na laptopu anaweza kuweka Pydroid kwenye simu. Kwa mwezi ambao bumu limechelewa, hilo si jambo dogo.

Swali la 5 linataka namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 20. Tulikuwa kimbweta mimi na mwenzangu wa chumbani, anayesoma kompyuta na ana mkono mwepesi kuliko wangu. Akaandika mistari sita: anza na 1, jaribu kugawa, ikigoma ongeza 1, jaribu tena. Mantiki haina kosa lolote. Akaiwasha, akaenda kujaza maji kwenye chupa, akarudi, bado. Feni ya laptopu inalia kama bodaboda inayopanda mlima.

Mimi nilikuwa naitazama ile sentensi ya swali. Mbona hii ni KDS? Kigawe kidogo cha shirika, ile ya shule ya msingi, ya kugawa kwa namba tasa mpaka zibaki moja moja! Nikachukua kalamu. 2 mara nne kwa sababu ya 16, 3 mara mbili kwa sababu ya 9, kisha 5, 7, 11, 13, 17 na 19 moja moja. Zidisha zote: 232,792,560. Kompyuta ilikuwa bado inapanda ngazi hizo milioni mia mbili na ushee, moja moja.

Jamaa akasema nimekwepa, sijaandika programu. Sawa, tukaandika: tafuta KDS ya 1 na 2, chukua jibu utafute KDS yake na 3, endelea hadi 20. Jibu lilitoka kabla kidole hakijaondoka kwenye kibodi.

Miaka yote niliyofundishwa KDS sikuwahi kuambiwa ni ya nini, zaidi ya kwamba inatoka kwenye mtihani. Ndiyo maana field ya mwaka jana, kijana wa Kidato cha Pili aliponiuliza, "Sir, hizi seti zinatusaidia nini?" sikutaka kumpa jibu la mtihani. Shule haikuwa na kompyuta hata moja ya wanafunzi. Nikawaletea swali la 1 la Euler, nikalipunguza: jumlisha namba zote chini ya 50 zinazogawanyika kwa 3 au kwa 5. Safu ya dirishani wakachukua za 3, safu ya mlangoni za 5. Wa dirishani wakapata 408, wa mlangoni 225. Ugomvi ukaanza walipotaka kuunganisha, kwa sababu 15, 30 na 45 kila upande unasema ni zake. Kiingereza kikawekwa pembeni (mwalimu wa zamu asisikie), watu wakasimama kwenye madawati. Binti mmoja aliyekuwa haongei wiki nzima akasema, "Zitolewe mara moja, si zimehesabiwa mara mbili?" Toa 90. Inabaki 543. Sikuwa nimetamka neno "intersection" hata mara moja.

Ukitaka hadi chini ya 1000, ni njia ileile: 166,833 jumlisha 99,500, toa 33,165, unapata 233,168.

Najua ChatGPT ingenipa majibu haya yote kabla sijameza mate. Wapo wanaodesa hivyo wakajaza tiki, na mwenzangu anasema kwenye usaili wa kazi wanakaa mbele ya swali la aina hiyohiyo bila simu, wakitoka jasho. Ajira za ualimu nazo sote tunazijua zilivyo, kwa hiyo sitajifanya kwamba hilo silifikirii. Ila tiki si kitu ninachoweza kuingia nacho darasani. Yule binti hangenielewa.

Sasa hivi nimekwama swali la 14, la mlolongo wa namba: ikiwa shufwa gawa kwa 2, ikiwa witiri zidisha kwa 3 uongeze 1. Wiki ya pili hii. Anayelijua jibu naomba anyamaze.