KUVU DHIDI YA KIMEA

Kimea cha wimbi si mchezo, jamani. Nyanya hulowesha wimbi, hulifunika gunia hadi lichipue, hulianika, kisha huwauzia wapika busaa. Karo yangu hutoka humo. Wimbi likichipua hutoa kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Bila sukari hamira haina cha kula, na pombe haipatikani ng'o!

Sasa sikieni kisa cha Mjapani Jokichi Takamine. Mwaka 1890 alihamia Marekani na kuvu ya kwao, koji. Aliiotesha juu ya pumba za ngano zenye unyevu, akapata kimeng'enya cha kazi ile ile pasipo kimea. Na pumba ni bei ya bure! Mjini Peoria wakubwa wa wiski walimkaribisha, lakini wenye kimea waling'aka, maana riziki yao ilikuwa hapo. Mwaka 1891 moto uliteketeza jengo la kazi yake. Mwaka 1894 alipata hataza, ila kimeng'enya chake kikavuma kama dawa ya tumbo.

Mwalimu wa Kemia atanikemea, lakini mimi niko upande wa wenye kimea. Nyanya nimemweleza yote. Aliuliza jambo moja tu: hiyo kuvu, mtu huionjaje ajue imeiva?