Hesabu Iliyosahau Mlima



Kila muhula wenzangu huandika katika gazeti letu habari za ushindi: mpira, midahalo, mitihani. Mimi leo naleta habari ya kosa langu mwenyewe. Naileta kwa sababu kosa hilo lilizaliwa na hesabu iliyokuwa sahihi kabisa, na nadhani limo jambo la kutufaa sisi sote tunaotoka shuleni na kurudi nyumbani tukijiona tumekwisha kujua.

Kwetu ni Kyela. Asiyepajua na ajue kwamba ni nchi tambarare iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mashariki yake kuna milima ya Livingstone, na kaskazini ardhi yapanda kuelekea Tukuyu. Ufuko wa ziwa u karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu ni zaidi ya mita 1,500. Mtu akitaka kupeleka mchele Mbeya hana budi aupande mwinuko huo wote, na akirudi hana budi aushuke.

Baba yangu mdogo ana lori. Zamani lilikuwa lori la jeshi huko Ulaya. Jeshi lilipokwisha kulitumia likauzwa, likavuka bahari, nalo likamfikia baba mdogo baada ya kupita mikono miwili mingine. Jina la kiwanda silitaji, maana kosa halikuwa la kiwanda. Lina injini ya dizeli, gia nne za kwenda mbele, na dereva akitaka magurudumu ya mbele huvuta pamoja na ya nyuma. Hubeba kakao na mawese kutoka Ipinda na Matema, vyungu vya Wakisi kutoka soko la Jumamosi la Lyulilo, na mchele wa kwenda Mbeya.

Malalamiko ya baba mdogo yalikuwa mawili. La kwanza, lori linakunywa dizeli kama mchanga unavyokunywa maji. La pili, tangu lami ilipofika Matema kila chombo kilikuwa kinampita. Alipofika kilometa 60 kwa saa injini ilipiga kelele hata utingo na dereva hawakusikilizana.

Likizo ya Desemba nilimwambia, "Baba mdogo, ugonjwa huu naujua. Ni gia."

Nami sikukosea. Lori la jeshi halikuundwa kwa ajili ya kukimbia barabarani. Liliundwa litoke matopeni, lipande kingo za mito na kuvuta mzinga nyuma yake. Kwa hiyo difu, yaani meno yale yaliyo katikati ya ekseli, hutaka propela izunguke mara nyingi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Lori mashuhuri la Marekani la GMC, ambalo yalitengenezwa zaidi ya 500,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lilikuwa na difu ya 6.6 kwa 1. Ni kama kuendesha baiskeli ya gia ukiwa umeweka ile nyepesi: mlimani utashukuru, lakini kwenye tambarare miguu itapiga mbio na safari haiendi.

Tukaenda kwa fundi, mzee aliyeanza kufungua injini kabla baba yangu hajaoa. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee," akanipa jeki na chaki, akasema nihesabu mwenyewe. Nikainua gurudumu moja la nyuma, nikatia alama kwenye tairi na kwenye propela, nikalizungusha gurudumu mara moja. Propela ikazunguka mara 3 na theluthi. Nikaandika 3.35 kwa furaha.

Mzee akacheka. "Mjukuu wangu, gurudumu la pili limekaa chini, halizunguki. Basi difu hulipa hili lililo juu mizunguko miwili badala ya mmoja. Lizungushe mara mbili, ndipo uhesabu."

Nikazungusha mara mbili, nikapata 6.7. Hilo lingalitosha kunifundisha adabu, lakini wapi!

Nikapima mwendo wa tairi ardhini: mzunguko mmoja ni mita 3 na sentimeta 10. Kilometa 60 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 323 kwa dakika. Katika gia ya nne propela huzunguka sawasawa na injini. Zidisha kwa 6.7, injini inazunguka mara 2,160 hivi. Fundi alikuwa na ekseli ya nyuma ya lori la kiraia, difu yake 5.4. Zidisha 323 kwa 5.4, unapata 1,744. Injini imepumzishwa karibu sehemu moja ya tano! Nikaiandika hesabu hiyo kwa chaki ubavuni mwa lori, na watu wakasimama kuitazama.

Mzee aliuliza swali moja tu: "Hesabu hii umeipimia njia gani?"

Nikajibu, "Ya Matema, Mzee."

Akanyamaza. Baba mdogo, ambaye hakupata kupita darasa la saba, alinitazama kwa fahari, akatoa fedha.

Kwa kuwa tulibadilisha ekseli ya nyuma peke yake, ilibidi propela ya mbele ifunguliwe na kuwekwa ghalani. Magurudumu ya mbele yenye 6.7 na ya nyuma yenye 5.4 hayawezi kuvuta pamoja, maana kila moja lingetaka mwendo wake, na meno yangevunjika. Nilijua hayo. Nikasema, "Siku hizi kuna lami, ya nini kuvuta kwa mbele?"

Kwenye njia ya Matema mambo yalikuwa matamu. Kelele zilipungua, na katika kila lita 10 tuliokoa lita moja na kidogo. Haikuwa sehemu moja ya tano kama nilivyotangaza, kwa sababu upepo na uzito wa mzigo havijali injini inazunguka mara ngapi. Hata hivyo ilikuwa faida, nami nikarudi shuleni kifua mbele.

Nilipokuja likizo ya Pasaka mvua zilikuwa zimekolea, nanyi mwajua mvua za Kyela. Siku ya kwanza tulikwenda kuchukua kakao kwenye njia ya udongo kandokando ya majaruba ya mpunga. Magurudumu ya nyuma yakatitia, ya mbele yakatazama tu. Tulilala hapo, tukavutwa asubuhi na trekta, na malipo ya trekta yakala akiba ya dizeli ya mwezi mzima.

Wiki ile ile tukapeleka mchele Mbeya. Katika kupanda, pale ambapo zamani gia ya tatu ilitosha, sasa ilitakiwa ya pili. Palipotosha ya pili, ikatakiwa ya kwanza. Injini ilichemka mara mbili kabla ya Tukuyu. Ile sehemu moja ya tano niliyoipunguza katika mizunguko nilikuwa nimeipunguza pia katika nguvu ya kuvuta. Dizeli tuliyoiokoa ziwani tuliimwaga mlimani.

Lakini hayo ni madogo. Tulirudi na saruji. Tulipoanza kuteremka kutoka Tukuyu, baba mdogo aliweka gia ya tatu kama alivyozoea miaka yote, ili injini ilizuie lori. Lori halikuzuilika kama zamani, kwa sababu injini nayo ilikuwa imepoteza sehemu moja ya tano ya nguvu yake ya kuzuia. Mwendo ukazidi. Akakanyaga breki, zikashika, kisha zikaanza kunuka. Akajaribu kushusha gia ya pili. Ikakataa kuingia, na ya tatu haikurudi. Tukawa tunateremka bila gia yoyote, na saruji nyuma yetu.

Sikulia wala sikusali. Nilitazama mikono ya baba mdogo. Palipotokea ukingo upande wa mlima akaliegemeza lori huko, likaingia mtaroni, likasugua udongo kwa ubavu mpaka likasimama. Moshi ulitoka katika magurudumu yote. Hatua chache mbele yetu palikuwa na akina mama wakiuza ndizi kando ya barabara. Walikuwa wamesimama na mikono vichwani.

Baba mdogo alishuka, akatazama ubavu wa lori. Hesabu yangu ya chaki ilikuwa imefutwa na ukingo. Nilingoja anigombeze. Akasema, "Mwanangu, umeumia?" Nikasema sikuumia. Hakuongeza neno, na hilo liliniuma kuliko kiboko.

Nilipomweleza fundi, alirudia swali lake la Desemba: njia gani? Ndipo nilipoelewa. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja la kuzidisha. Nilikuwa nimeacha kuutia mlima ndani yake.

Katika somo la historia tumesoma habari za mpango mkubwa wa karanga ulioanza Tanganyika mwaka 1947. Waingereza walileta Kongwa matrekta makuukuu ya jeshi, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Hesabu za karanga zilikuwa nzuri sana juu ya karatasi. Lakini ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi ilikuwa ngumu kama sakafu, na mvua zake hazikutosha. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na hasara ikawa kama pauni milioni 36. Zamani nilikuwa nikiwacheka. Sasa siwacheki tena, maana nimefanya hivyo hivyo kwa kadiri ya mfuko wa baba mdogo.

Likizo ya Juni tulifanya kazi upya, na safari hii Mzee ndiye aliyeamuru. Kwanza ekseli ya zamani ilirudishwa, na propela ya mbele ikatoka ghalani. Kisha ikatafutwa giaboksi yenye gia tano, ambayo ya tano ni ile mafundi waiitayo ovadraivu: injini ikizunguka mara 8, propela huzunguka mara 10. Propela zikarekebishwa urefu na kusawazishwa ili zisitetemeke. Mzee akanipa chaki. Nikazidisha 6.7 kwa 0.8, nikapata 5.36.

Nikashangaa. Ilikuwa karibu ile ile 5.4 yangu! Katika njia ya Matema, gia ya tano hutupa pumziko lile lile la injini. Lakini tukifika mlimani, tunashuka gia ya nne, na 6.7 yote ipo, kupanda na kuteremka. Tukifika matopeni, magurudumu ya mbele yanavuta. Mimi nilikuwa nimepata mwendo kwa kupunguza chini; Mzee aliupata kwa kuongeza juu.

Gharama haikuwa ndogo. Baba mdogo aliuza ng'ombe wawili, na bado analipa sehemu ya deni. Nimeahidi kufanya kazi ya utingo kila likizo mpaka liishe. Tuteremkapo Tukuyu sasa, yeye huweka gia kabla ya mteremko kuanza, si baada yake, nami hutazama pale mtaroni bila kusema neno.

Wenzangu, sisemi tuache kwenda nyumbani na elimu yetu. Hesabu ilinitia shimoni na hesabu ndiyo iliyonitoa. Ila mzee akikuuliza swali moja ukiwa na chaki mkononi, usilijibu upesi. Weka chaki chini kwanza, uende naye ukaione njia.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano