Bose QC30 au Sony WI-1000XM2?

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za watu zimenibana. Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu. Nalinganisha spika mbili za masikioni za Bluetooth, aina ile inayokaa shingoni kama ukosi, na zinazokata kelele.

Ya kwanza ni Bose QuietControl 30 ya mwaka 2016. Ya pili ni Sony WI-1000XM2 ya mwaka 2019. Zote nilizinunua zikiwa zimetumika. Mimi hufanyia kazi nyumbani hapa Nairobi, na stima ikipotea, jenereta ya duka la chini hunguruma moja kwa moja kwenye dirisha langu.

Kwa wasiojua: maikrofoni ndogo husikiliza kelele ya nje, kisha kifaa hutoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili hufutana. Mbinu hii hufaa zaidi kwa ngurumo nzito isiyobadilika, kama jenereta au injini ya basi. Sauti ya mtu ni ngumu kuifuta, lakini ukiongeza mpira unaoziba sikio pamoja na muziki, nayo hupotea.

Haya, tulinganishe. Betri: watengenezaji wote wawili wanasema saa 10. Bose huchajiwa kwa micro-USB, Sony kwa USB-C. Ukosi wa Bose ni mgumu, wa Sony ni laini na hukunjika. Sony ina waya wa milimita 3.5 wa kuchomeka, na ina LDAC, inayopitisha data nyingi zaidi. Bose haina hayo mawili. Kwenye karatasi Sony imeshinda.

Lakini mwezi uliopita mamangu alikuja kunitembelea. Jenereta ikaanza, nikavaa spika, nikazama kazini. Baada ya dakika 40 hivi nilitoka kutafuta chai, nikamkuta ameketi sakafuni bafuni, ameshika kifundo cha mguu. Alikuwa ameteleza.

"Nimekuita mpaka nikachoka, mwanangu," akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Namshukuru Mungu hakuvunjika. Spika hazikuwa na kosa, zilifanya nilichozinunulia. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo ninapima jambo lingine: naweza kuirudisha nyumba masikioni mwangu kwa wepesi gani? Kitufe cha Sony hukata kelele, huruhusu sauti za nje, au huzima vyote. Nikitaka kiasi cha katikati, nafungua programu kwenye simu. Bose ina vitufe kwenye waya wake vya kuongeza au kupunguza kelele kidogo kidogo, bila kugusa simu. Basi Bose ndiyo ya nyumbani, Sony ni ya safari ndefu za basi.

Tena mgeni akiwepo, navaa sikio moja tu. Jingine huning'inia kifuani bila kupotea, na hapo ndipo aina ya shingoni inapozidi zile ndogo zisizo na waya kabisa.

Mama amesharudi kwake, na mguu umepona. Akipiga simu, swali la kwanza ni, "Umevaa vile vitu?"

Je, wewe unatumia zipi? Na nyumbani wakikuita, unasikia?