Pedali Ilipokuwa Ngumu kama Jiwe

Sisi walimu hatukufundishwa ufundi wa motakaa, na huenda wasomaji wakatucheka kutuona tukiandika habari za breki. Lakini mtu akaaye Karatu hawezi kuzikwepa. Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hupita mita 2,200. Atakaye kwenda Endulen hana budi kupanda, na atakaye kurudi hana budi kushuka msituni, kona baada ya kona, mpaka lango la Loduare.

Pikapu ya shule yetu ni kuukuu, nzito, ya dizeli. Mwaka jana ilianza kuwa shida kusimama. Tukafanya kama wafanyavyo wengi: tukasema pedi zimekwisha. Wazazi wakachanga, tukanunua pedi mpya, tukafungiwa, tukaridhika. Hakuna aliyeuliza kwanza kosa liko wapi.

Muhula ulipofunguliwa tulikwenda Endulen kuwachukua wanafunzi saba wa bweni pamoja na masanduku yao. Wakati wa kurudi, tulipoanza kuteremka kutoka ukingoni, kona ya kwanza gari lilitii. Ya pili lilitii kwa shida. Ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe, nalo gari likazidi kwenda. Mwenzetu aliyeshika usukani alikanyaga kwa miguu yote miwili. Kisha akarudisha gia ya pili, halafu ya kwanza, akavuta breki ya mkono, akalisugua ubavu gari katika ukuta wa udongo upande wa mlima hata likasimama. Upande wa pili ulikuwa bonde. Watoto walidhani tumesimama ili watazame msitu, na mmoja akauliza kama aweza kushuka. Hatukuweza kumjibu upesi.

Tulipofika Karatu, kwa gia ya kwanza njia nzima ya mteremko, tulimwendea fundi mmoja mzee. Tukamwamkia, akaitika, wala hakugusa spana.

"Walimu, pedali ilizama, au ilikuwa ngumu?"

"Ilikuwa ngumu, mzee."

"Basi msinunue kitu bado."

Akatueleza, nasi twaandika kama tulivyosikia. Pedali ikiwa laini kama sifongo, mna hewa katika mabomba ya mafuta. Ikizama polepole hali mguu umetulia juu yake, wala mafuta hayavuji nje, mipira ya ndani ya silinda kuu imechakaa. Ikizama mara ya kwanza, nayo ikapanda ukikanyaga mara ya pili na ya tatu, breki za dramu za nyuma zataka kukazwa. Ikiwa njema asubuhi, kisha ikalegea katikati ya mteremko, huenda mafuta yamechemka; maana mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na yale ya DOT 3, ambayo yakiwa mapya hayachemki chini ya digrii 205, yakiisha kunywa maji huweza kuchemka kwa digrii 140.

Bali pedali ngumu na gari lisilosimama ni habari ya busta. Chombo hiki husaidia mguu kwa nguvu ya hewa: upande mmoja hewa hufyonzwa, na hewa ya nje husukuma upande wa pili. Injini ya dizeli haifyonzi yenyewe kama ya petroli, kwa hiyo hupewa pampu ndogo, ambayo katika magari mengi hukaa nyuma ya alternata. Mzee akazima injini, akakanyaga pedali mara tano au sita mpaka ikawa ngumu, akauacha mguu juu yake, akawasha. Pedali ya gari zima hushuka kidogo papo hapo. Yetu haikushuka.

Akapapasa mpira utokao kwenye pampu kwenda kwenye busta. Chini yake, karibu na kibano, palikuwa na ufa usioonekana kwa macho. Hapa mjini pampu iliweza kushindana na ufa ule. Kule ukingoni nguvu ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani, basi na msaada wa busta hupungua. Nasi tulikuwa tukikanyaga mfululizo, pampu isipate nafasi ya kufyonza tena.

Akaona na jambo jingine, ambalo hatukumwuliza. Tulikuwa tumeongeza mabamba ya springi nyuma ili gari libebe zaidi. Kumbe juu ya ekseli iko vali ipimayo mzigo kwa jinsi gari linavyoinama. Springi zikiwa ngumu mno gari haliinami, na vali huzinyima breki za nyuma mafuta, ikidhani gari ni tupu. Aliirekebisha jioni ile.

Mpira mpya ulifungwa kwa muda usiozidi nusu saa, na bei yake haikufika hata sehemu ndogo ya michango ya wazazi. Katika mkutano wao tuliwaeleza yote, na baba mmoja akataka kuziona pedi tulizozitoa. Tungali nazo katika kabati ya ofisi. Unene wake wapita nusu ya ule wa mpya.