Nimeburudika

Bibi yangu hakuwa mtu wa kunywa maji akanyamaza. Akimaliza kata yake alishusha pumzi, akasema, “Nimeburudika,” kisha akatulia kama anayengoja maji yafike mahali pake. Hiyo ilikuwa Pangani, miezi ya kaskazi, jua la utosi.

Mtungi wake ulikaa pembeni mwa ukumbi, kitako kimezama katika mchanga mbichi. Ulitoka jasho mchana kutwa: maji yalipenya kwenye vitundu vya udongo visivyoonekana, upepo ukayakausha, nayo yakaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Kabla ya kuujaza aliufukiza ubani. “Mume wangu, nichotee,” aliniambia, nami mjukuu nikakimbia.

Siku hizi burudani ni muziki, ni tamasha, na sina ugomvi na hilo. Ila neno tulilipata kwa Waarabu, kwenye shina la ubaridi. Baridi ni nduguye. Bibi hakusoma habari za mashina, lakini ngomani alisema amefurahi, na baada ya chakula ameshiba. Kuburudika alikuweka kwa mtu aliyekuwa akiungua. Homa ya mtoto ikishuka, aliburudika. Nikirudi safari akanitia machoni, aliburudika.

Alipofariki nilichelewa. Nilikuta wamekwisha kumkosha na kumvika sanda, wakanifunulia uso nimuage. Nikamgusa kipaji. Baridi. Nikalichukia neno na ukoo wake wote. Miezi ile nilikunywa maji ya friji, baridi kuliko ya mtungi wowote. Yalipita kooni na sikuwa na la kusema.

Kwenye hitima yake, juzuu zilipogawiwa, mimi niliangukiwa na ya 17, inayoanza na Suratul Anbiyaa. Nikafika pale moto unapoamriwa uwe baridi kwa Nabii Ibrahimu. Nakijua kisa hicho tangu chuoni. Siku ile sauti ilinikatika, jirani yangu akanishika goti mpaka nikaweza kuendelea.

Watu walipotawanyika niliuendea mtungi. Mkavu, mchanga chini yake umekuwa vumbi. Niliufukiza ubani, nikaujaza. Udongo uliokauka hunywa kwanza wenyewe; nikaongeza ndoo nyingine. Nikachota kata moja, nikanywa nimesimama palepale.

Maji yalikuwa bado vuguvugu.