Kazi Isiyo na Mdai

Kigali imeinuka mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kiangazi cha Juni hadi Agosti huja na usiku wa baridi. Kwa hiyo huku Kabeza, jirani na uwanja wa ndege, anayejua kufuma hakosi maombi. Huyu mtoto wake anaanza shule Septemba, yule anataka kofia na soksi za kichanga. Mimi nafuma, tena naandika hadithi fupi kwa Kiswahili. Kazi hizi mbili hugombea jioni ileile na mikono ileile, na kwa miaka mshindi alikuwa sweta.

Si kwamba kufuma ni kazi nyepesi. Kitanzi kikiponyoka karibu na kwapa, unafumua hadi pale pale, unaukunja uzi uliojipinda, unaanza upya. Kuhariri hadithi hakuumizi kuliko hivyo. Tofauti ni kwamba sweta lina mdai. Mama wa mtoto akikutana nami njia ya sokoni ataniuliza, "Dada, limefika wapi?" Hadithi nani ataiulizia?

Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini sheria huifungulia lugha mlango wa ofisi. Haimleti msomaji sebuleni. Majirani zangu wengi husoma Kinyarwanda. Sweta halihitaji mkalimani; hadithi yangu inamhitaji.

Ndiyo maana naziheshimu tuzo. Kampuni ya uchapishaji ya Huza Press ilipoanza hapa Kigali mwaka 2015 iliandaa shindano la hadithi fupi, na Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwaita waandishi wa Kiswahili walete miswada. Fedha ni tamu, lakini tarehe ya mwisho ina uzito wake: inakuambia kuna mtu mahali fulani anayesubiri.

Tuzo huja na kupita, nami nilitaka mdai wa karibu. Nikampata mwalimu mstaafu aliyekulia Bujumbura, msomaji asiye na haraka. Nilimwahidi rasimu, na sasa hunipigia simu: "Mwanangu, yule bwana wako bado amekwama stendi?" Swali hilo hunirudisha kwenye karatasi kuliko azimio lolote la mwaka mpya. Asubuhi, kichwa kikiwa chepesi, nahariri. Jioni nafuma mgongo wa sweta, mistari iliyonyooka isiyodai hesabu. Shingo na mabega huachiwa Jumapili.

Tumezoea kuambiana tugawe muda. Lakini muda hauwezi kugawanywa kwa haki ikiwa kazi moja ina wa kuidai na nyingine haina. Kabla hujapanga ratiba, jiulize kuhusu kila kazi: nisipoimaliza, nani atanuna? Ukiona ni wewe peke yako, ratiba iweke kando kwanza, ukamtafute wa pili.